Mizani ya kioo ya kilo 180: tathmini kabla ya kuku wa Krismasi

Mizani yenyewe, ya kupimia uzito wa mtu nyumbani, ni ya kawaida. Ni bamba la kioo kigumu lenye upana wa sentimita 26 hadi 30, miguu minne ya mpira yenye kihisio ndani ya kila mmoja, na kidirisha kidogo cha nambari. Boksi huandikwa kilo 180 kuwa upeo na gramu 100 kuwa hatua ndogo kabisa ya kipimo. Inapatikana kwenye supamaketi kubwa za Kisumu na Nakuru, maduka ya vyombo vya nyumbani, baadhi ya kemisti, na kwa wauzaji wa mtandaoni wanaotuma mizigo kwa matatu. Bei kwa kawaida huwa kati ya Sh1,000 na Sh2,000, na majina yaliyobandikwa juu ya kioo yasikuhangaishe sana, maana ndani nyingi zinafanana.

Kati ya vitu vinavyouzwa kwa ahadi ya kukulinda usinenepe Desemba, hiki ndicho tunachopendekeza kununuliwa. Lakini tunapendekeza kwa masharti mawili: uijaribu dukani kabla ya kulipa, na ujue kusoma nambari zake. Asiyejua kuisoma atatishwa na maji ya mwili tarehe 26 asubuhi, afunge kula siku nzima, kisha jioni ale mara mbili.

Kwa nini mizani? Kwa sababu unene wa sikukuu huja kidogo kuliko watu wanavyodhani, na hauondoki kwa urahisi. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima 195 nchini Marekani. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari, waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37 tu. Waliopanda kwa kilo 2.3 au zaidi hawakufika mmoja kati ya kumi. Ila wale waliorudi kupimwa mwaka mmoja baadaye walikuwa bado na nyongeza ya wastani wa kilo 0.62. Kwa hiyo hatari ni nusu kilo isiyoonekana kwenye kioo cha kujitazama wala kwenye mshipi wa suruali, inayokaa, kisha Desemba ya pili ikaongezewa nyingine.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Birmingham kilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2018 likihusisha watu 272. Kundi moja lilipewa kijikaratasi cha ushauri wa jumla kuhusu maisha yenye afya. Kundi la pili liliambiwa lijipime angalau mara mbili kwa wiki na kuandika, likapewa vidokezo vya kujizuia, pamoja na orodha inayoonyesha ni mwendo kiasi gani unaohitajika kuchoma vyakula vya Krismasi. Mwishoni tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa kilo 0.49. Hakuna aliyekatazwa chakula. Walichopata ni uwezo wa kuona mapema.

Hapo ndipo uchaguzi wa mizani unapoanza. Ukitafuta badiliko la nusu kilo, unahitaji kifaa kinachoweza kuonyesha nusu kilo.

Mizani ya mshale, ile ya chuma yenye duara la nambari, hupima kwa springi na mistari yake huwa ya kilo moja moja. Nguvu yake ni kwamba haina betri na haijali umeme wala chaja. Udhaifu wake ni kwamba mtu akisimama juu yake husoma mshale kwa mshazari, na kuinama kichwa tu kunasogeza uzito mbele ya miguu na mshale unatikisika. Springi nayo huchoka, na kwenye unyevunyevu wa karibu na ziwa sehemu za chuma hushika kutu. Ina gurudumu dogo la kurekebisha sifuri, lakini kurudisha mshale kwenye sifuri hakurekebishi springi iliyolegea. Itasoma sawa ikiwa tupu na vibaya ikiwa imebeba kilo 80. Kwa anayetaka kujua kama ana kilo 70 au 90, inatosha. Kwa kazi ya Desemba, haitoshi.

Aina ya pili ni ile ya Bluetooth inayodai kupima mafuta, maji, misuli na hata umri wa mwili. Huongeza mamia kadhaa ya shilingi, wakati mwingine zaidi ya elfu. Inavyofanya kazi ni hivi: hupitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hupima ukinzani, kisha programu ya simu hukisia kiasi cha mafuta kwa kutumia urefu, umri na jinsia uliyojaza. Umeme ule hupita vizuri penye maji. Basi usiku wa nyama yenye chumvi, au asubuhi baada ya bia, maji ya mwili yamebadilika na asilimia ya mafuta nayo inaruka ingawa mafuta yenyewe hayajaguswa. Uzito wake huwa sahihi kama wa ile ya bei nafuu, na faida moja ya kweli ni kwamba simu inakuchorea mstari wa kila siku. Ukiinunua, tumia uzito na mstari, nambari nyingine ziache. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiikanyage kabisa, na mjamzito pia anashauriwa asiitumie.

Kuna pia huduma ya mtu wa mizani kando ya barabara, anayelipisha shilingi kumi au ishirini, hasa karibu na steji na masoko. Wengine wana mashine ndefu inayopima na urefu. Si ya kudharauliwa, ila imekaa juu ya kabro (matofali ya kutandika njia) zisizo sawa, nawe umevaa viatu, umebeba simu na funguo, na umekwisha kunywa chai. Viatu na nguo nzito peke yake vinaweza kufika kilo moja na nusu. Asiye na Sh1,000 za ziada anaweza kuitumia vizuri kwa sharti moja: aende kwa mtu yuleyule, siku ileile ya wiki, saa ileile, akiwa na nguo zilezile na bila viatu.

Chai za kupunguza unene na mishipi ya kutoa jasho havina nafasi hapa. Nyingi ya chai hizo zina sena, jani la kuharisha. Huondoa maji na kinyesi kwenye utumbo mpana wakati kalori zimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mizani itashuka kesho na kupanda keshokutwa ukinywa maji, na aliyetumia muda mrefu hujikuta tumbo halifanyi kazi bila dawa hiyo.

Kuijaribu dukani

Mwombe muuzaji aitoe kwenye boksi na aiweke sakafuni, kwenye vigae au saruji, si juu ya kapeti. Ondoa kijikaratasi cha plastiki kinachozuia betri. Ikanyage mara moja, shuka, subiri izime. Hiyo ya kwanza ni ya kuipa mizani sifuri yake, usiitie maanani. Kila mara inaposogezwa kutoka mahali hadi mahali hatua hii lazima irudiwe, na makosa mengi yanayolaumiwa kwenye mizani hutokana na kuiruka.

Sasa panda, simama wima na miguu ikiwa imegawana uzito sawa, angalia mbele, subiri nambari itulie. Rudia mara tatu. Utapata nambari ileile mara zote tatu, na muuzaji atasema, "Unaona? Haidanganyi." Usikubali hapo. Mizani nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ya ndani: zikiona uzito mpya unakaribiana na uliotangulia kwa gramu mia mbili au tatu, huonyesha ule wa zamani ili zionekane imara. Dawa yake ni kuchukua pakiti ya unga ya kilo 2 kutoka kwenye rafu, kuishika na kupanda. Shuka, iweke chini, panda tena bila unga. Pakiti inavunja kumbukumbu na wakati huohuo inakupa kipimo: tofauti iwe kilo 2.0, ikikosea gramu 100 hivi si neno, kwa sababu karatasi ina uzito wake na hatua ya mizani ni gramu 100. Ukiweza shika pakiti tano, kilo 10. Tofauti ya kilo 9.4 au 10.7 ni sababu ya kuomba boksi jingine.

Jaribio la mwisho ni la pembe. Simama ukiegemea kidogo kushoto, kisha kulia, kisha visigino, bila kukanyaga ukingoni kabisa maana kioo kinaweza kuinuka na kukuangusha. Nambari zikitofautiana kwa zaidi ya gramu 300, kihisio kimoja ni kibovu au mguu mmoja wa mpira haujakaa. Igeuze utazame miguu. Angalia pia kingo za kioo. Kioo cha aina hii kikiwa na ufa au kipande kilichong'oka pembeni kinaweza kupasuka chote kwa mara moja.

Ukiwa umeigeuza, tafuta swichi ya vipimo. Mizani za mitumba, zile unazoweza kukutana nazo soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, mara nyingi zimewekwa kwa pauni au kwa kipimo cha Waingereza kiitwacho "st". Pauni moja ni kilo 0.45 na "st" moja ni kilo 6.35. Bonyeza mpaka ionyeshe "kg". Na usiache kuangalia betri: zipo zinazotumia mbili za AAA, ambazo kila duka la mtaani linazo, na zipo zinazotumia moja bapa ya CR2032, ambayo mashambani unaweza kuitafuta kutwa nzima. Kwa mtu anayekwenda nayo Mumias au Siaya kwa wiki tatu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko jina la kampuni.

Ukishafika nayo nyumbani na ukitaka uhakika zaidi, mlinganishi mzuri ni mizani ya jukwaa ya mwenye duka la nafaka. Mizani za biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, kwa hiyo ukipimwa pale kisha ukapimwa kwako na nguo zilezile, utajua yako inakosea kiasi gani. Hata ikikosea kilo nzima, bado inafaa, ilimradi ikosee vilevile kila siku. Tunachofuata ni mwendo wa nambari, si nambari yenyewe. Watu huuliza pia kama tofauti ya mwinuko kati ya Nakuru na Kisumu inabadili uzito. Inabadili, kwa gramu zisizofika ishirini kwa mtu wa kilo 70. Mizani hii haiwezi kuziona.

Kuiweka na kuitumia

Chagua mahali pamoja na usiihamishe. Sakafu ya saruji ya nyumba nyingi za kupanga ina mabonde madogo; sogeza mizani mpaka miguu yote minne iguse na isitikisike ukiibonyeza pembe kwa kidole. Kapeti na mkeka hula uzito, kwa sababu tumbo la mizani hugusa nyuzi na sehemu ya mzigo haifiki kwenye vihisio. Bafuni si pazuri licha ya watu kuizoea huko: mvuke huingia kwenye kidirisha, na kioo chenye maji kinateleza.

Pima asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile au leso moja. Andika papo hapo kwenye kalenda ya ukutani. Kipimo cha msingi kichukuliwe wiki ya kwanza ya Desemba kabla sherehe hazijaanza, asubuhi tatu mfululizo, kisha utafute wastani. Tuseme umepata 71.8, 72.1 na 71.7. Jumla ni 215.6, gawanya kwa tatu, msingi wako ni 71.9. Kuanzia hapo pima angalau mara mbili kwa wiki. Kila siku ni bora zaidi kwa mtu ambaye nambari hazimsumbui akili, kwa sababu wastani wa siku saba unafuta kelele, yaani kupanda na kushuka kwa muda tu, za siku moja moja.

Kelele hizo ndizo zinazowapotosha wengi, na inafaa kuzielewa vizuri. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Ili kupata kilo mbili za mafuta kwa usiku mmoja, ungehitaji kula kalori zaidi ya 15,000 juu ya mahitaji yako, na unga wa pakiti mbili nzima za kilo 2 haufikii hapo. Kwa hiyo ukiona mizani imepanda kilo moja na nusu tarehe 26, hayo ni maji na chakula kilichomo njiani. Chumvi ya nyama choma na kachumbari inashika maji. Wanga wa ugali, chapati na soda hujaza akiba ya sukari ya misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na karibu gramu tatu za maji. Ongeza mzigo wa tumboni ambao haujatoka. Vyote hivyo huondoka vyenyewe kwa siku mbili hadi nne ukirudia chakula cha kawaida. Wanawake wengi pia hupanda kidogo siku chache kabla ya hedhi.

Basi usichukue hatua kwa kipimo cha siku moja. Chukua hatua pale wastani wa wiki unapopita msingi kwa nusu kilo. Kwa mfano wetu, hiyo ni 72.4.

Hatua gani

Tugawanye. Kilo moja kwa siku 21 za sherehe ni kalori 7,700 gawanya kwa 21, karibu 370 kwa siku. Soda ya mililita 500 ina kalori 200 na kidogo. Chapati moja ya ukubwa wa kawaida ina 250 hadi 300, kutegemea mafuta ya kukandia na ya kupakia. Hivyo soda moja na nusu chapati juu ya mlo wako wa kawaida, kila siku, zinatosha kukuongezea kilo nzima kufikia mwisho wa likizo. Hapo hatujataja nyama. Mara nyingi mtu huiogopa nyama ya mbuzi huku kilichompandisha ni kile alichokunywa kando yake.

Chai ndiyo tungeitazama kwanza. Kutembelea jamaa Desemba ni kunywa chai kila boma, na kukataa ni kumkosea mwenyeji. Kijiko cha chai cha sukari kina kalori 16 hadi 20. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku, ni kalori 240 hadi 300 kabla ya kuhesabu maziwa. Kubali kikombe, omba strungi (chai isiyo na maziwa) au chai isiyotiwa sukari uitilie mwenyewe kijiko kimoja. Shangazi hataona umemdharau, na umepunguza zaidi ya nusu ya tatizo lako.

Ya pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Samaki wa Kisumu anayeletwa na mchuzi wa nyanya kwa kawaida amezamishwa kwanza kwenye mafuta ndipo akapikwa na mchuzi, na mchuzi nao ulianza kwa mafuta. Ukiagiza, uliza kama wanaweza kumpika moja kwa moja kwenye mchuzi bila kumkaanga. Mapishi hayo huchukua muda kidogo zaidi, basi agiza mapema kabla njaa haijakuzidi. Nyumbani, kuku wa kienyeji wa Krismasi ana mafuta yake mwenyewe. Chemsha, acha sufuria itulie dakika kumi, utaona mafuta ya manjano yakielea. Yateke kwa upawa. Vijiko viwili vikitoka, kalori 240 zimetoka, na ladha ya ingokho, kama Waluhya wanavyomwita kuku, haijapungua kwa sababu imo kwenye supu na mifupa.

Ugali hauhitaji kufukuzwa mezani. Gramu 150 za unga mkavu, ambazo ni sahani ya kutosha kwa watu wazima wengi, zina kalori karibu 540. Shida huja ugali unapokatwa mara ya pili kwa sababu mchuzi umebaki. Jaza nusu ya sahani kwa mboga kwanza: mrenda, saga, managu, kunde. Hizi ni nguvu ya meza za magharibi mwa Kenya, ila siku ya sikukuu hutiwa maziwa na krimu mpaka zikawa chakula kingine. Mrenda wa kawaida, au saga iliyolala na maziwa kidogo, inatosha.

Bia ya mililita 500 ina takriban kalori 200. Anayekunywa tatu amekula zaidi ya ugali wa mlo mmoja, na pombe huamsha hamu ya chumvi na mafuta. Aanze na maji, na baada ya kila chupa anywe glasi nyingine ya maji.

Upande wa mwendo, mtu wa kilo 70 huchoma karibu kalori 50 kwa kila kilomita anayotembea. Soda ile moja ni kilomita nne, karibu mwendo wa kutoka katikati ya Kisumu hadi Dunga. Huo ndio ulinganisho waliopewa watu wa Birmingham, na una nguvu kwa sababu unamfanya mtu aamue kabla ya kufungua chupa. Kijijini boda boda ndiyo inayoiba mwendo huo. Kanisani, dukani, kwa mjomba, hata uwanjani Mbale, Vihiga, kwa sherehe za Wamaragoli tarehe 26, kama unaishi umbali wa kilomita mbili tatu, nenda kwa miguu angalau upande mmoja.

Tusisitize jambo moja: usiruke kiamsha kinywa wala chakula cha mchana ili "kuacha nafasi" ya jioni. Mwili uliokaa na njaa tangu asubuhi hula haraka, na shibe huchelewa kufika. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akiruka mlo anaweza kuzimia.

Ukisafiri nayo

Kioo na barabara ya vumbi havipatani. Iweke katikati ya nguo ndani ya begi, si kwenye buti chini ya magunia, na uitoe betri ili isiwashwe na mgandamizo njia nzima. Ukifika, hesabu siku ya kwanza kama ya kupoteza: safari ya usiku huvimbisha miguu na kufunga choo, na nambari itakuwa juu. Nyumba ya sakafu ya udongo inahitaji ubao mnene, plaiwudi ya milimita 18 au kipande cha mlango wa zamani, kilicholala bila kutikisika. Ipe sifuri, ikanyage na ile pakiti ya unga uone kama bado inasema kilo mbili. Iweke chumbani kwako. Mizani ikiwekwa sebuleni watoto wataipanda wawili wawili, itaandika "Err" kwa mzigo uliohama kabla haujatulia, na baada ya siku tatu mguu mmoja wa mpira umepotea. Ikiandika "Lo" ni betri. Usiendelee kuiamini siku hiyo, kwa maana betri dhaifu hutoa nambari zinazoteleza kabla ya kuzima.

Wapo ambao hatuwapendekezei kifaa hiki. Mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kisha kutapika asipewe mizani ya kila siku, amwone mtaalamu. Mjamzito afuate kipimo cha kliniki. Watoto wasipimwe kwa lengo la kuwapunguza. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo anaihitaji mizani kwa sababu nyingine kabisa: akiongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, hasa miguu ikivimba au pumzi ikikata akilala, hayo si mapochopocho ya sikukuu, ni maji yanayojaa, na aende hospitalini siku hiyohiyo.

Januari usifunge hesabu tarehe 2. Subiri ule chakula cha kawaida kwa siku tano, pima asubuhi tatu kama ulivyofanya mwanzo, utafute wastani, ulinganishe na msingi ulioandikwa kwenye kalenda ya zamani. Usiitupe kalenda hiyo ukibandika mpya. Ikiwa uko ndani ya nusu kilo, endelea na siku mbili kwa wiki. Ikiwa umepita, punguza sukari ya chai na chapati kwanza, ukilenga kushuka robo hadi nusu kilo kwa wiki. Risiti ya mizani iweke pamoja na boksi mpaka muda wa waranti uishe, kwa kuwa maduka mengi hayapokei mizani iliyorudishwa bila vyote viwili.